Mbuzi wa Karatasi Nane

9 Januari

Mjomba, shikamoo.

Naandika nimekalia kapu la mashuka machafu, saa ya mapumziko, kwa hiyo mwandiko usiushangae. Simu zetu zinafungiwa kabatini tangu asubuhi, na hata nikikupigia jioni najua utakachosema: kwenye simu makosa hayaonekani. Haya, nakuletea makosa kwa posta.

Matokeo ya Mei yalitoka Julai, nikakuficha kwa aibu. Nimefeli tena. Masomo mengine yote nimepita, Kiingereza peke yake ndicho kimenikalia kooni, mara ya pili sasa. Na wewe unajua hesabu yangu ilivyo. Chuo cha wauguzi wasaidizi hakipokei aliyefikisha miaka thelathini, na mimi natimiza mwezi wa tatu mwakani. Mtihani unafanyika Mei tu. Kwa hiyo Mei hii ndiyo ya mwisho, nikianguka basi.

Mjomba, nina miaka saba kwenye chumba hiki cha kufulia. Wagonjwa wa hospitali nzima nawajua kwa madoa yao. Najua wodi gani kuna aliyejifungua, wodi gani kuna anayetapika dawa. Lakini sijawahi kukaa na hata mmoja nikamshika mkono. Nataka niwe upande ule wa shuka ambao kuna mtu.

Kinachoniangusha ni lile swali la maneno mawili. Kila mwaka wanakupa maneno mawili ya Kiingereza yanayokaribiana, ueleze maana ya kila moja, jinsi linavyosimama kwenye sentensi, halafu utunge sentensi yako mwenyewe. Mwaka jana walileta borrow na lend, nikakopeshana na mtahini mpaka karatasi ikaisha. Hizo sasa nimezielewa. Say na tell bado zinanitoa jasho. Zote si kusema? Nisaidie. Umefundisha watoto wa watu miaka thelathini na minne, usishindwe na wa dada yako.

Mpwa wako.

20 Januari

Mpwa wangu, marahaba.

Barua yako imo ndani ya bahasha hii, ina wino mwekundu mahali tisa. Kiswahili hicho, si Kiingereza. Sikuandikii kosa ni lipi, nimepiga mstari tu, utafute mwenyewe. Wanafunzi wangu hawakuniita Mwalimu Nukta kwa sababu nilikuwa mpole.

Sasa sikiliza. Say inabeba maneno. Inataka kujua kilichosemwa ni nini, aliyesikia si shauri lake. Unaweza ku-say ukiwa peke yako chumbani ukiutazama ukuta. Ukitaka kumtaja msikilizaji, lazima umpitishe kwenye kile kimlango kinachoitwa to: say something to somebody. Tell haina subira hiyo. Tell inadai mtu, na inamdai papo hapo nyuma yake, bila to: tell me, tell him, tell your uncle. Kuna watoro wachache kama tell a lie na tell the time, hao waache kwanza, tutawakamata mwezi wa pili.

Na wala usihangaike na kutafsiri, Kiswahili chako kina akili hiyohiyo. Kusema unaweza kusema hivihivi. Kuambia huwezi, lazima umweke mtu katikati ya neno: ananiambia, nakuambia, wakamwambia.

Unajua kazi yangu: kila kanuni ina sentensi yake moja, inashikwa kama ilivyo, haibadilishwi hata nukta. Akili ikitetemeka mbele ya mtihani, sentensi inabaki imesimama. Ya say na tell ni hii, na sijawahi kuifundisha darasani maana ni ya nyumbani:

My sister said good morning to the goat, but she told me nothing.

Dada yangu alimsalimia mbuzi, mimi hakuniambia kitu. Dada mwenyewe ni mama yako. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mimi kumi na miwili, nanawa uso kibarazani. Akatoka na sanduku, akapita kwa mbuzi aliyefungwa pale mlangoni, akamwambia habari ya asubuhi kwa Kiingereza cha kujidai, akanipita mimi, akaenda. Nikajua anakwenda dukani. Alirudi baada ya miaka kumi na sita, wewe ukiwa mgongoni. Mpaka anakufa hakuwahi kunieleza kwa nini siku ile mbuzi alipewa salamu na mimi sikupewa.

Ikariri.

Mjomba wako, Nukta.

3 Februari

Mjomba, shikamoo.

Makosa nane nimeyaona. La tisa nadhani wino wako ulidondoka tu.

Mbuzi ameingia kichwani na hatoki. Lakini nina jambo jingine, usicheke. Jana tulikuwa tunakunja mashuka, mimi na Mama Pacha. Shuka halikunjwi na mtu mmoja, Mjomba. Mmoja huku, mmoja kule, mnavuta, mnakutana katikati, mnampa mwenzio ncha, mnarudi. Taulo unakunja peke yako huku ukiwaza mambo yako. Nikasimama hapohapo na shuka mkononi nikasema, kumbe! Say ni taulo. Tell ni shuka. Mama Pacha akaniuliza kama nimepata homa.

Nikamweleza. Akaelewa kabla sijamaliza. Mwenyewe naye ameandikishwa mtihani huohuo, ana miaka arobaini na minne, chuo hakitaki, anataka cheti tu awaonyeshe wanawe mapacha wanaomcheka. Kumbe humu ndani tumejiandikisha wanane! Kila mmoja alikuwa anaficha kwa aibu. Sasa wanataka niwafundishe tukiwa kazini. Nifundishe? Mimi niliyefeli mara mbili?

Na nimetunga sentensi yangu mwenyewe, maana swali linasema your own. Ni hivi: I said forty aloud and told my friend to pull the sheet. Maana tukifika mashuka arobaini huwa nasema kwa sauti, halafu namwambia mwenzangu avute la mwisho tufunge bunda. Ipo sawa?

Mpwa wako, wa mashuka.

14 Februari

Mpwa wangu,

Hilo la taulo na shuka limenifanya niinuke kwenye kiti. Miaka thelathini na minne sikuwahi kupata mfano kama huo. Nakuambia ukweli, nimeona wivu.

Sentensi yako ya Kiingereza lakini iweke pembeni. Haina kosa, ila ina mitego. Forty ni neno la kunasia watu, nusu ya watahiniwa wanatia u mle ndani. Halafu umeingiza aloud, umeingiza to pull, kila neno ni mlango wa kosa. Msahihishaji ni mtu aliyechoka, mpwa wangu, mimi ni mmoja wao. Anataka aone say imekaa, tell imekaa, atie alama apite. Mpe mbuzi. Mbuzi hana kosa hata moja, nimemkagua tangu nikiwa kijana.

Wafundishe wenzako, tena bila woga. Anayefundisha ndiye anayeelewa. Ila wape vilevile nilivyokupa, wasibadili hata nukta. Mtu akianza kubadilibadili ndipo anapoanguka.

Nikukumbushe pia kwamba mwisho wa Mei nitakwenda kusahihisha kama kila mwaka. Tunafungiwa wiki mbili, barua haziingii wala hazitoki. Usipate wasiwasi, karatasi za kituo chenu huwa hazifiki mezani kwetu, zinapelekwa upande mwingine. Wewe andika tu.

Wino mwekundu mahali sita. Unapanda.

Mjomba wako, Nukta.

19 Mei

Mjomba! Mjomba!

Imetoka! Swali la nne! Say na tell, kana kwamba uliwachungulia watunga mtihani dirishani. Nilipoisoma nilitaka kupiga kigelegele mle chumbani. Nikageuka, Mama Pacha safu ya tatu amefumba macho anatikisa kichwa, midomo inacheza, najua yuko kwa mbuzi.

Maana nimewafundisha, Mjomba. Miezi mitatu. Tulikuwa tunakunja shuka, mmoja anaanza My sister said good morning, mwenzake anapokea to the goat, wakikutana katikati wote wanasema but she told me nothing. Msimamizi wa chumba cha kufulia alidhani tumeingia dini mpya.

Wote wanane tumeandika mbuzi, nimewauliza mmoja mmoja getini. Hakuna aliyebadili hata nukta, hata koma iko mahali pake. Mimi mkono wenyewe ulianza kuandika ile ya shuka, nikakukumbuka, nikaifuta, nikamweka mbuzi.

Nimeshakwenda chuoni kujaza fomu, nimeiacha pale na picha zangu mbili. Dada wa mapokezi alinitazama viatu, sikujali. Nikianza kazi ya uuguzi, mgonjwa wangu wa kwanza nitamwambia habari ya asubuhi, na nitamwambia kila kitu.

Najua barua hii itakusubiri mlangoni mpaka utoke huko mlikofungiwa. Ukirudi uicheke.

Mpwa wako, anayecheka peke yake.

12 Juni

Mpwa wangu,

Nimerudi. Barua yako nimeikuta.

Huku mvua imekatika. Paa la jikoni limeanza kuvuja tena, fundi anasema atakuja. Mikono yako inaendeleaje, ile ngozi inayobanduka kwa sababu ya sabuni? Pakaza mafuta kabla ya kulala. Usikimbilie mambo ya fomu kwanza, matokeo ni matokeo.

Mjomba wako.

4 Julai

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ilikuwa fupi mpaka nikatikisa bahasha nikidhani kuna karatasi nyingine imebaki. Na yangu hukuirudisha. Haina hata kosa moja? Nilijisifu kidogo, halafu nikaingiwa na wasiwasi kwamba unaumwa.

Nina habari mbaya. Matokeo ya kituo kizima yametoka isipokuwa ya sisi wanane. Leo kila mmoja amepata barua ya ofisi ya mitihani. Inasema majibu yetu ya swali la nne yanafanana neno kwa neno, na kwamba tunatuhumiwa kuingia na karatasi. Wanataka maelezo ndani ya siku kumi na nne.

Hatukuingia na karatasi! Tuliingia na mbuzi tu, kichwani, kama ulivyosema.

Wenzangu hawajanitukana. Wananitazama tu, Mjomba, na ni afadhali wangenitukana. Mama Pacha alikunja barua yake mara nne akaitia kwenye soksi, akaniuliza, "Sasa tufanyeje, mwalimu?" Ameniita mwalimu.

Wewe ndiye pekee unayeweza kutusaidia. Waandikie. Waeleze kwamba sentensi ni yako, ni ya nyumbani kwetu, kwamba ulinifundisha kwa barua na mimi nikawafundisha wenzangu, na barua zako zote ninazo. Wewe ni mtu wao, unawasahihishia kila mwaka, watakuamini. Siku kumi na nne, Mjomba. Tafadhali.

Mpwa wako.

13 Julai

Mjomba, zimebaki siku tano. Sijapata jibu. Umewaandikia? Nimekupigia mara tatu, inaita mpaka inakata. Kama unaumwa, mwambie jirani aniandikie.

Mpwa wako.

8 Agosti

Mpwa wangu,

Siumwi. Simu niliisikia. Niliiweka chini ya mto.

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Leo naipeleka ilivyo.

Karatasi zenu zililetwa mezani kwetu. Mwaka huu walibadilisha mgawanyo, hawakutuarifu mpaka tumekaa. Nilipofungua bunda na kumkuta mbuzi kwenye karatasi ya kwanza nilicheka, tena kwa sauti. Nikajua ni wewe. Nikaitia alama zote. Karatasi ya pili, mbuzi. Ya tatu, mbuzi, na koma yake. Hapo kicheko kikakauka. Nikawa nafunua huku nikiomba nikute mtu amekosea, amesema kondoo, amesema ng'ombe, chochote. Hakuna aliyekosea. Ulinitii na wao wakakutii.

Kanuni ni kwamba majibu yanayofanana yanatiwa kwenye bahasha ya kaki na kupelekwa kwa msimamizi wetu. Nisingeweza kuyaficha hata kama ningetaka, kwa sababu matatu kati yake yalikuwa kwa mwenzangu wa meza ya pili, naye aliinua kichwa akasema, "Jamani, mbuzi tena." Tukayapeleka pamoja. Tukasaini wote wawili.

Msimamizi ni mama mmoja mwenye miwani ya kufungwa na uzi. Alisoma zote nane, akanitazama, akaniuliza, "Mwalimu, huyu mbuzi unamjua?"

Nikajitia hamnazo. Nikasema, "Mbuzi ni mbuzi, mama."

Unataka kujua kwa nini. Siku ya kwanza tulisaini fomu kwamba hakuna mwanafunzi wetu anayefanya mtihani mwaka huu. Nimeisaini miaka kumi na saba bila kuisoma. Nilikuona wewe ni mpwa tu, si mwanafunzi, na barua nilizihesabu kama barua, si darasa. Aliponiuliza ndipo nilipoona nimesaini nini. Niliogopa, mpwa wangu. Mtu mzima, mvi kichwani, niliogopa kuambiwa nimedanganya.

Barua yako ya Julai ilinikuta nimekaa na hilo tumboni. Ukaniomba niwaandikie. Nilichelewa, lakini siku ya kumi na tatu nikaandika, nikasema kila kitu kama ulivyotaka, na la fomu nikaliongeza. Nikaipeleka kwa mkono wangu. Yule mama aliipokea, akaisoma nimesimama mbele yake, akavua miwani. Akaniambia, "Mwalimu, kwa nini umeleta hii leo?" Kumbe walikuwa wameshakubaliana kwamba hakuna ushahidi wa karatasi. Mngepewa onyo na mtihani mwingine mwezi wa tisa. Karatasi za mtihani huo zilikuwa zimeshapangwa.

Barua yangu imebadilisha jina la kosa. Sasa si kufanana tena. Wanasema msahihishaji aliwapa watahiniwa majibu kabla ya mtihani, na kwamba amekiri kwa mwandiko wake. Matokeo ya wote wanane yamefutwa, na hamruhusiwi kukaa mtihani kwa miaka miwili. Mimi nimeondolewa. Barua zenu zinakuja wiki hii. Nimetaka uisikie kwangu kwanza.

Niliponyamaza niliwaumiza, niliposema nikawamaliza. Kila usiku naipanga upya, natafuta siku ambayo ningefanya jambo moja tofauti likawaokoa, na kila nikifika kwenye ile barua ya Februari nakwama. Ulikuwa na sentensi yako. Nilikuambia uiweke pembeni.

Niliiona, unajua? Kwenye karatasi yako, juu ya mbuzi, kuna mstari uliofutwa kwa kalamu. Nikauinua kwenye mwanga wa dirisha nikasoma. I said forty aloud. Forty uliiandika sawasawa. Haina u.

Sijui niombe msamaha kwa lipi nianze nalo.

Mjomba wako.

30 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Barua za ofisi zilifika Jumanne. Yako ilifika Jumatatu, kwa hiyo nilipata siku moja ya kulijua peke yangu. Nilikaa nalo siku nzima. Mama Pacha alikuwa anaimba, nikamwacha aimbe.

Niliwasomea ile yako baada ya kazi, yote, hata pale unapoogopa. Nilidhani wakijua hukukusudia watapoa. Mmoja aliniuliza, "Kwa hiyo tungekaa kimya tungepewa mtihani mwingine?" Nikasema ndiyo. Akachukua mkoba wake.

Kosa ni langu pia, nililazimisha uandike. Ningekuacha uogope hadi mwezi wa tisa, sasa hivi tungekuwa tunajiandaa. Hilo nalijua na sina pa kulipeleka. Machi itafika, nitatimiza thelathini, na Machi haina ofisi ambayo mtu anaweza kuiandikia barua.

Nimerudi kuichukua ile fomu ya chuo kwa sababu niliacha picha zangu mbili mle ndani. Dada wa mapokezi alinipa bila kuuliza.

Kazini hakuna aliyegombana na mimi. Ila shuka linataka watu wawili, na kila nikishika ncha, ile ya pili inabaki chini. Nilijaribu kukunja peke yangu, unabana kwa kidevu, unanyoosha mikono, linaburuta sakafuni unalirudisha mashine. Msimamizi aliona siku tatu, siku ya nne akanihamishia meza ya taulo, kule dirishani.

Umesema hujui uanzie wapi kuomba msamaha. Mimi sijui kama ninao wa kukupa. Nimetafuta, nikiupata nitakuandikia.

Kwa sasa nakunja taulo. Nikifika arobaini bado nasema kwa sauti, mdomo umezoea. Halafu nafunga bunda mwenyewe, naanza jingine.

Barua hii usiirudishe.

Mpwa wako.